Re: Mlio wa tik-tik kwenye matundu ya AC ya gari
Mkuu, kwa kuwa unasema mlio unaongezeka kasi ukipandisha feni, injini iache kwanza. Washa swichi tu bila kupiga stata, anza feni namba moja, panda taratibu. Mlio ukifuata feni, kuna kitu kinagonga mapanga yake, mara nyingi jani kavu au kipande cha filta iliyochakaa (ile inayochuja hewa ya ndani ya gari). Kwenye magari mengi filta inakaa nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Itoe, mulika tochi ndani. Ukitaka kushusha feni, zima swichi na uchomoe plagi ya umeme ya feni kwanza, vidole havina spea. Ila mlio ukitokea pale unapobadili joto na baridi, shuku kimota cha vijilango vya hewa (vinavyogawa hewa ya moto na ya baridi), meno yake ya plastiki hukatika.