Nianze na picha za MRI, au nitafute nini?

Swali: Salamu, Daktari. Niko hospitali ya kaunti ndogo upande wa Mumias, mwaka wa tatu tangu nimalize intanshipu. Wagonjwa wa mgongo hawaishi: wapakiaji wa miwa, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda. Nataka kujiendeleza katika tiba ya mgongo na viungo, na nimepata kozi ya mtandaoni ya kusoma picha za MRI. Nianze na hiyo?

Jibu: Daktari mwenzangu, hiyo iache kwanza. Kozi yenyewe haina ubaya, ila ukiichukua kabla mikono yako haijaiva itakupotosha.

Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa MRI za watu 98 wasioumwa mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski, ule mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, iliyotuna angalau mahali pamoja kiunoni, na waliokutwa na diski zote safi walikuwa asilimia 36 tu. Basi mgonjwa anayeumwa na kitu kingine kabisa akipigwa picha hiyo, diski itaonekana na lawama itaiangukia.

Yalinikuta mimi. Alikuja kijana mwenye selimundu, kiuno kinamuuma, MRI ndani ya bahasha kubwa, ripoti inasema diski kati ya L4 na L5, pingili mbili za chini kabisa za kiuno, imetuna. Nikasoma ripoti, nikaandika dawa, nikampeleka fiziotherapia. Aliporudi mara ya tatu nilimwona akivaa kiatu cha kulia kwa kusukuma mguu tu, hawezi kuukunja afikie kamba. Nikamlaza chali, nikakunja goti na nyonga, nikauzungusha mguu. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kinakufa kwa kukosa damu, jambo linalojulikana vizuri kwa wenye selimundu, na huku kandokando ya ziwa selimundu tunaiona kila siku. Miezi ile niliyompotezea bado inaniuma.

Kwa hiyo anza na nyonga, kisha mizizi ya neva. Diski ya kati ya L4 na L5 kwa kawaida hubana mzizi wa L5: mwambie ainue kidole gumba cha mguu huku wewe ukikizuia, halafu pima ganzi upande wa juu wa mguu, si kwenye unyayo. Mzizi wa S1, unaofuata chini yake, unapobanwa, ukigonga kwa nyundo kifundo hakishtuki, na mgonjwa hachelewi kuchoka akisimama kwa ncha za vidole vya mguu huo. L4 iulize kwa kugonga goti kwa nyundo hiyo hiyo. Ukimwinua mguu ulionyooka, maumivu ya kiunoni peke yake hayatoshi. Yanayokuhusu ni yale yanayoteremka chini ya goti. Andika mzizi unaoushuku kabla hujafungua bahasha. Picha isipokubaliana na mkono wako, rudi kitandani umpime tena.

Mwenye ganzi sehemu anazokalia, au aliyefungwa mkojo, huyo hasubiri kliniki. Mtafutie rufaa saa hiyo hiyo. Na kwetu huku, homa za usiku, kukonda na kibiongo kinachoota taratibu ni TB ya mgongo mpaka ithibitishwe vingine.

Kuhusu masomo: ukitaka kisu, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret wana shahada ya uzamili ya upasuaji wa mifupa, na COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, hukufundishia ndani ya hospitali. Ubingwa wa mgongo huja baada ya hapo. Usipotaka kisu, tafuta mafunzo ya baridi yabisi au ya tiba ya urekebishaji.

Kozi yoyote, kabla hujalipa, uliza: nitapima wagonjwa wangapi kwa mikono yangu, nani atasimama pembeni akinitazama, na wagonjwa hao nitawaona tena baada ya miezi mitatu? Hilo la mwisho ndilo wengi hawaulizi, na mimi ndilo ninalolipima zaidi, kwa sababu kijana yule asingerudi ningeamini hadi leo kwamba nilimtibu. Ukipata hata wiki mbili za kukaa kliniki na daktari bingwa pale Eldoret au Kisumu, bila cheti, zichukue.