Kwa nini metali ya risasi haionekani majini ilhali imo kwenye mashapo (tope na mchanga uliotua chini ya maji)?

Swali: Ninasomea shahada ya uzamili jijini Dar es Salaam na nimechukua sampuli mahali Mto Msimbazi unapoingia baharini. Maji niliyoyachuja hayakuonyesha risasi, lakini tope la mikokoni lina risasi mara tatu ya mashapo ya kwenye fungu la mchanga. Je, vipimo vya maji vina kasoro? Na je, niseme kwamba mikoko imechafuliwa zaidi?

Jibu: Matokeo yako ya maji si ya ajabu. Risasi haikai sana ikiwa imeyeyuka. Hung'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi, oksidi za chuma na mabaki ya viumbe, na maji ya mto yanapokutana na chumvi, chembe hizo hushikamana na kuzama. Kwa hiyo ulipochuja kwa chujio la mikromita 0.45, sehemu kubwa ya risasi ilibaki juu ya chujio, na hiyo nayo inafaa kupimwa. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ina tabia tofauti, kwa sababu kloridi ya bahari huibandua kutoka kwenye chembe na kuirudisha majini. Ndiyo maana kila chupa inapaswa kuandikiwa kiwango cha chumvi na hali ya maji: sampuli iliyotekwa bamvua likiwa limejaa inaweza kuwa bahari tupu, isikuambie lolote kuhusu mto.

Kuhusu swali la pili, usiandike hivyo bado. Mchanga wa kwatzi (quartz) karibu hauna metali yoyote, na vipande vya kombe na matumbawe huzidi kupunguza kiwango, ilhali tope laini hukusanya metali hata pasipo kiwanda jirani. Chekecha sampuli zote kwa chekeche ya mikromita 63, au pima alumini, ambayo ni sehemu ya udongo wa mfinyanzi wenyewe, na ugawanye risasi kwa alumini katika kila kituo. Ikiwa alumini nayo imepanda mara tatu, unachokiona ni tofauti ya ukubwa wa chembe. Ikiwa alumini imebaki karibu palepale, hapo una hoja ya uchafuzi.

Alumini ina sharti lake. Mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki huacha silikati nyingi (madini ya udongo na mchanga yenye alumini hiyo) bila kuyeyuka, hivyo uwiano wako utapotoka. Kuyeyusha kila kitu kwa asidi kunahitaji asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na inaweza kuua. Nakusihi usiiguse bila msimamizi na bila jeli ya kalsiamu glukoneti mezani. Kama maabara yenu haina vifaa hivyo, chekeche inatosha.

Ukipata nafasi ya kurudi, shindilia bomba la plastiki kwenye tope na ulikate vipande kwa kina. Petroli yenye risasi iliachwa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo risasi ikipungua kuelekea juu, kwenye matabaka mapya zaidi, inaweza kuwa ni urithi wa magari ya zamani. Chagua mahali pasipo na mashimo ya kaa, maana kaa huchanganya matabaka. Chukua pia mashapo laini ya juu ya mto, upande wa vilima vya Pugu kabla ya viwanda, uyachekeche vilevile. Hicho ndicho kipimo cha asili cha kulinganishia, na ni bora kuliko wastani wa miamba ya dunia unaonukuliwa vitabuni.