Vumbi la karakana ya nyumbani: anza na mashine ya msasa

Pole ndugu yangu. Nimekuelewa: chumba kimoja nyuma ya nyumba, msumeno wa meza, randa ya umeme na mashine ya msasa, vumbi linafika hadi jikoni, na pesa inatosha mashine moja tu ya kufyonza.

Maranda unayoyaona sakafuni si adui mkubwa. Hatari ni ule unga laini wa msasa, unaoelea hewani muda mrefu baada ya kuzima mashine. Vumbi la mbao linaweza kusababisha saratani ya pua, na la mvule huwasha ngozi na kifua.

Kwa hiyo mimi ningenunua kwanza vakyumu ya karakana yenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata vumbi laini sana, niiunganishe na mashine ya msasa. Kati ya vakyumu na mashine ya msasa weka ndoo ya plastiki yenye mfuniko, hewa izunguke humo na uchafu uanguke chini. Ndoo yangu hujaa unga wa mninga huku kichujio kikiwa bado cheupe.

Randa ni habari nyingine. Inatema maranda mengi, vakyumu itaziba. Inataka feni kubwa ya kufyonza na bomba la milimita 100, fupi, lisilo na kona nyingi. Kwa sasa itumie uani.

Barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, vaa hata hivyo, ya kitambaa haisaidii. Waya za umeme mwite fundi azikague kabla ya kuwasha mashine mbili pamoja. Na kama unakohoa au unabanwa kifua usiku, nenda hospitali sasa, usisubiri mashine.