Usitume hiyo hela: mashine ya kukesha haichaguliwi kwa wingi wa kori

Usitume hiyo hela. Kama umeshatuma nusu, piga simu sasa hivi uizuie.

Umeandika kwamba uko Pangani kwa bi mkubwa, LUKU mnanunua ya elfu tano tano, na unataka kompyuta ya kuendesha skripti zako (programu ndogo zinazojiendesha zenyewe) usiku na mchana: kuchota bei za samaki na mazao mtandaoni kila dakika kumi, kuwatumia wateja, na kuhifadhi nakala za mauzo ya duka la mjomba. Umepata "mashine ya seva" ya prosesa mbili (prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta), kori 16 (kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi), kwa milioni moja na laki moja. Unauliza uchukue hiyo au i9 (prosesa kali ya Intel), RAM (kumbukumbu ya muda) uweke ngapi, Windows au Linux, na UPS gani (ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika). Mdogo wangu, hiyo mashine naijua. Nimelala nayo chumba kimoja miezi saba hapa Makorora, Tanga.

Yangu niliinunua Kariakoo, mtumba wa Dubai, prosesa mbili za Xeon E5-2670, zile za Intel za seva. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2012, kori 8 kila moja. Nikapanda nayo basi nimeipakata mpaka stendi ya Kange, sikukubali iwekwe kwenye buti. Muuzaji aliniambia maneno mawili ambayo mpaka leo nikiyakumbuka damu inachemka. La kwanza: "Hii imezaliwa kukesha, hizo za kawaida zitakufia ndani ya mwezi." La pili: "Kori ni kama vibarua, wakiwa wengi kazi inaisha mapema."

Haya, tuwachukue hao vibarua wake. Umewaita 16 waje kuangua nazi za mnazi mmoja. Anapanda mmoja, 15 wamekaa kivulini, na jioni wote 16 wamepanga foleni ya posho. Skripti ya kuchota bei ni mnazi mmoja. Inatuma ombi, inasubiri tovuti ijibu, inasoma, inaandika, inalala. Kori moja tu inaguswa, tena kwa kitambo. Na muda mwingi hata hiyo moja inasubiri mtandao, na mtandao hauendi mbio kwa sababu una Xeon mbili.

Mimi nilipima. Kazi yangu ilikuwa inachukua sekunde 8 kila baada ya dakika kumi. Kwa siku ni mara 144, yaani dakika 19 na ushee za kazi. Saa 23 na dakika 40 zilizobaki mashine imekaa bure. Sasa niambie, katika kuchagua prosesa ya kukesha, unatakiwa uulize inafanyaje kwenye zile dakika 19, au inakula nini kwenye zile saa 23?

Hapo ndipo nilipoumia. Mashine yangu, skrini imezimwa, hakuna kazi yoyote, ilikuwa inakula wati 140. Sikujua mpaka mwezi wa tatu, jamaa anayetengeneza friji hapa mtaani aliponiazima kipimo chake, kile unachokichomeka ukutani halafu unachomeka mashine juu yake. Prosesa mbili, vijiti vinane vya RAM, feni sita, pawa saplai ya seva, vyote viko macho usiku kucha havina kazi.

Na usidanganyike na ile TDP ya kwenye karatasi. Prosesa ile imeandikwa wati 115. Hayo ni makadirio ya joto ambalo feni iweze kuliondoa prosesa ikiwa kazini. Haikuambii mashine nzima inakula nini ikiwa imekaa. Namba unayoihitaji haimo kwenye tangazo la muuzaji, ndiyo maana nasema ipimwe.

Chukua wati za kukaa bure, zidisha kwa 0.72. Jibu ni uniti kwa mwezi, kwa sababu saa 24 mara siku 30 ni saa 720. Wati 140 zangu zilikuwa uniti 101. Nyumba yangu kabla ya hapo ilikuwa inatumia uniti 60 kwa mwezi: taa, tivii, friji dogo, simu. Nilikuwa kwenye lile kundi la matumizi madogo la TANESCO, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambapo uniti ni shilingi 100, na ukiweka kodi na tozo inafika 122. Bili yangu ya mwezi haikufika elfu nane.

Uniti 60 na 101 ni 161. Lakini subiri. Wati 140 zote zinageuka joto, haziendi kokote. Chumba cha bati, Makorora, msimu wa kaskazi, mlango umefungwa kwa sababu ya vibaka. Nikanunua feni ya wati 50 ikawa inaipepea mashine mchana na usiku. Uniti 36 nyingine. Mama watoto akaniuliza, kama linapika hivi, kwa nini lisiivishe na wali? Tulicheka siku hiyo. Mwezi uliofuata hatukucheka.

Jumla zikawa uniti 197, nikatoka kwenye kundi la 122 nikaingia kwenye bei ya kawaida, shilingi 292, na kodi na tozo zake inafika 356. Na hapa usikie vizuri, maana ndipo watu wengi wanapopiga hesabu kwa makosa: ile 356 haikuja kwa mashine peke yake. Ilikuja kwa nyumba nzima. Taa zilezile, friji lilelile, vikapanda bei karibu mara tatu kwa sababu ya kitu kilichokaa bure chumbani. Kutoka elfu saba na kitu nikawa nalipa elfu sabini. Elfu sabini kwa mwezi, kazi ya dakika 19 kwa siku.

Asitokee mtu hapa akasema ningesoma kwanza. Nilisoma. Nilitazama video zisizo na idadi, za watu wenye makasha yanayowaka taa za rangi, na hakuna hata mmoja aliyechomeka kipimo. Wanakimbiza majaribio ya kasi dakika kumi, wanasifu, wanazima, wanakwenda kulala. Mashine yao hailipiwi LUKU na mtu anayenunua ya elfu tano. Yule muuzaji ndiye simsamehe. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba itakesha, kwamba natoka Tanga, kwamba ni nyumbani na siyo ofisini. Alijua. Anayo dukani, ameiwasha na kuizima mara ngapi, joto lake analijua. Akaniuzia.

Wewe elfu tano yako kwa 122 inakupa uniti kama 41. Tuseme bi mkubwa anatumia 55 kwa mwezi. Mpaka wako ni 75, umebakiwa na uniti 20. Gawanya kwa 0.72, unapata wati 27 na kitu. Basi. Hiyo ndiyo prosesa yako: yoyote ambayo mashine yake nzima, ikikaa bure, haizidi wati 27, na UPS na ruta zihesabiwe humohumo. Ukishajua namba hiyo, mjadala wa kori unakwisha wenyewe.

Mimi sasa natumia kiboksi cha mtumba cha ofisini, vile ambavyo HP, Dell na Lenovo wanatengeneza, unene kama wa kamusi. Ndani ni i5-8500T, kori 6, ya mwaka 2018. Nimepima wati 11 kikiwa kimekaa. Mara 0.72, ni uniti 8. Kwa bei ya 122 hakifiki elfu moja kwa mwezi. Skripti zilezile, sekunde 8 zilezile, hata mara nyingine 6, kwa sababu kori moja ya 2018 ina kasi kuliko kori moja ya 2012.

Tazama ile herufi ya mwisho kwenye jina. T kwa Intel, kwenye vizazi hivyo, ni ya wati 35. GE kwa AMD Ryzen nayo ni ya wati 35. K ni ya watu wanaotaka kuisukuma ipite kasi yake. I9-13900K ikichochewa inaruhusiwa kufika wati 253. Nitasema kweli, prosesa hiyo yenyewe ikikaa bure inaweza kutulia, lakini nani anainunua bila bodi kubwa, kadi ya picha na pawa saplai nene? Vyote hivyo vinakesha nayo. Ukitaka kipya kabisa, tafuta chenye Intel N100, kori 4, TDP wati 6. Vingine havina feni kabisa, na kwa Pangani hilo ni jambo kubwa. Feni zangu sita zilivuta hewa ya chumvi miezi saba. Nilipoifungua, meno ya RAM yalikuwa yameshaanza ukijani.

UPS: ile Xeon iliimaliza UPS yangu ndogo kwa dakika sita. Kiboksi kinakaa nayo zaidi ya saa moja, UPS ileile. Na ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows au Linux haijawaka) uamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, la sivyo utakuwa unapigiwa simu na wateja saa kumi usiku.

Ile mashine niliiuza kwa laki tatu kwa bwana mmoja wa Chumbageni anayehariri video za harusi. Kwake iko mahali pake: kori zote 16 zinafanya kazi kwelikweli, akimaliza anazima. Sina chuki nayo.

Kesho mwambie huyo muuzaji aichomeke, aiache dakika 15 bila kazi yoyote, akupigie picha ya namba kwenye kipimo. Akisema hana kipimo, changu kipo, niandikie pembeni nikitume kwa gari la Pangani. Utanirudishia ukishapima.