Acha Kwanza Hiyo Switchi: Maswali Yenu Kuhusu Magari ya Zamani

Safari hii karibu wote mnauliza kuhusu siku ya kuwasha injini iliyolala au iliyofungwa upya. Nimechukua maswali machache, mengine yamejibiwa hapo hapo ndani ya majibu ya wenzenu, someni yote.

Nimepata MGB ya 1965, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, imelala miaka mingi haijaguswa. Nikiweka oili mpya na betri mpya si inawaka tu?

Inaweza kuwaka, na hapo ndipo penye hatari. Injini iliyolala hivyo kuta za silinda zimekauka, oili yote imeshuka chini kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, ringi za pistoni zimeota kutu zimeshika, sasa wewe unakuja na betri mpya yenye nguvu unapiga stata, stata inazungusha tu haijui kuna kitu kimenata, ringi inakatika au inakwaruza silinda, valvu iliyokwama inapinda pushrodi, ile fimbo inayoisukuma, na kazi ambayo ungeimaliza kwa subira kidogo inageuka ovahoo, kufungua injini yote. Hili nalijibu kila mara na kila mara linarudi, jamani.

Toa plagi zote. Kila silinda tia mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la plagi, kidogo tu, acha siku kadhaa, ongeza tena. Halafu hakikisha gari haiko kwenye gia, weka spana kwenye boliti ya puli ya krenki, ile shafti kuu ya injini, uzungushe kwa mkono, polepole, upande ule ule inakozungukia injini. Ikigoma usichomeke bomba refu kwenye spana ukaanza kuning'inia, rudisha kidogo, peleka mbele kidogo, tia mafuta, subiri. Ikishakubali fungua kava ya valvu, mwenzio azungushe mizunguko miwili kamili ya krenki wewe ukiangalia valvu moja moja inashuka na kurudi. Iliyokwama utaijua, inashuka haipandi, na roka yake, ule mkono unaoisukuma chini, inabaki inacheza. Hiyo ishughulikie kabla hujafikiria kitu kingine.

Baada ya hapo ndio umwage oili, ubadilishe filta, kisha bado plagi ziko nje na waya wa koili, inayotoa umeme wa cheche, umechomolewa, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. MGB yako ina geji ya kweli inayopima presha, sio taa tu, itumie. Isipopanda usirudishe plagi ukitumaini itapanda ikishawaka. Pampu ya oili ikikauka inashindwa kuvuta, na dawa yake ni kuifungua na kuijaza mafuta ya mgando ili ishike.

Na hiyo betri, subiri. Gari la mwaka huo lilitoka kiwandani na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na chanya ndio inafungwa bodini, sio hasi kama ulivyozoea. Mwaka 1967 ndio walibadilisha. Wengine wamezigeuza baadaye, kwa hiyo kagua gari lako lenyewe kabla hujafunga waya, maana ukikosea unaunguza redio na kifaa chochote cha elektroniki kilichoongezwa.

Petroli iliyobaki kwenye tenki naweza kuichanganya na mpya?

Hapana. Mwaga yote, safisha tenki, badilisha mipira yote ya petroli, hata ile inayoonekana mizima. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli, inalainika kwa ndani na kupasuka, tena inapasukia juu ya egzosti ya moto.

Jaguar E-Type, injini imefungwa upya, waya za plagi nimepanga kwa zamu ya silinda kuwaka, 1-5-3-6-2-4, kama kitabu, lakini inarudisha moto kwenye kabureta. Nimekagua mpaka nimechoka.

Swali zuri hili, na nakuamini kwamba umekagua. Silinda namba 1 umehesabu kutoka wapi? Kama umeanzia mbele kwenye redieta, ndio tatizo. Jaguar kwenye injini hizi za XK walihesabu kutoka nyuma, namba 1 iko karibu na dereva, namba 6 ndio ya mbele.

Kinachowachosha watu ni kwamba ukihesabu kinyume mpangilio unabaki ule ule. Geuza namba zote, 1 iwe 6, 5 iwe 2, uendelee hivyo, utapata 6-2-4-1-5-3, ambao ni mzunguko ule ule umeanzia katikati. Kwa hiyo unafuata waya mmoja mmoja, kila kitu kinaonekana sawa, kumbe cheche inafika krenki ikiwa imepitiliza mzunguko mzima, pistoni iko juu kweli lakini valvu ya kuingiza ndio inafunguka, na moto unatokea kwenye kabureta. Hamisha kila waya upande wa pili wa kofia ya distributa, kile kigawa cheche, pa kukabiliana napo. Usiguse distributa yenyewe.

Nikimwagia petroli kidogo kwenye mdomo wa kabureta si inawaka haraka?

Umesoma jibu la juu? Huo moto unaorudi unakutana na petroli uliyomwaga na uso wako umeinama hapo hapo. Jaza chemba ya kabureta kupitia mpira wake wa petroli, taratibu, ukifuta inayodondoka. Na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, sio kwenye kabati. Nimeshaona gari lililorudishiwa rangi vizuri sana likibaki vyuma vyeusi kwa sababu kizima moto kilikuwa chumba cha pili.

Nimefunga kamshafti mpya, shafti inayofungua valvu, na tapeti mpya zinazokaa juu yake, kwenye injini ya pushrodi. Ikiwaka niiache iungurume taratibu ijizoeze?

Usifanye hivyo kabisa. Kamshafti iliyo ndani ya bloku inategemea oili inayorushwa na krenki, na injini ikizunguka polepole inarushwa kidogo, wakati ndio kwanza vyuma viwili vipya vinasuguana. Ikiwaka tu peleka mizunguko 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika, ipandishe na kuishusha kidogo kidogo humo humo, kwa dakika 20 hivi. Tumia oili yenye zinki ya kutosha, oili nyingi za magari ya kisasa wameipunguza.

Ndio maana taimingi ya cheche, maji, na petroli vinatakiwa viwe tayari kabla, iwake mara moja, sio unapiga stata nusu saa huku ile grisi uliyopaka kwenye kamshafti inafutika. Na nawaomba, msiite watu kuja kurekodi siku hiyo. Mtu akishazungukwa na simu anaona aibu kuzima, geji ya oili imelala, maji yanavuja, yeye anakanyaga mafuta ili wasikie mlio. Mtu mmoja aangalie geji, mwingine aangalie chini ya gari, wanatosha.

Nianze na rangi au injini?

Breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, ndani ya silinda za magurudumu kuna kutu hata kama pedali inaonekana ngumu. Gari likiwaka utataka kulisogeza, hujui kujizuia. Rangi iwe ya mwisho.

Porsche 911 ya kupozwa kwa hewa, nilijaza oili mpaka alama ya juu, sasa inatoa moshi mwingi.

Ulipima ikiwa baridi. Oili ya gari hiyo inakaa kwenye tenki lake la pembeni, na inapimwa injini imepata moto, inaunguruma, gari limesimama sehemu tambarare. Ikiwa baridi kijiti kinakudanganya, unaongeza, inazidi, inaingia njia ya hewa na kuungua. Ipashe moto, pima upya, kilichozidi kimwage.