Buibui mkubwa wa kijani au buibui kubwa la kijani?

Dada mmoja anayeishi Houston kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimekuta buibui kijani kubwa kwenye maua hapa nje, miguu imejaa vimiba, utando hana. Mume wangu kanicheka eti sijui Kiswahili. Nisemeje, na mdudu mwenyewe anaitwaje?"

Marahaba mwanangu. Kukucheka kakuonea, ila hapa kapatia. Buibui ana roho, na chenye roho kinafuata a-wa hata kama jina lake halina m mwanzoni, kwa hiyo ni buibui mkubwa, wakiwa wengi buibui wakubwa, buibui kajificha sio limejificha. Na kijani haiwezi kusimama hapo peke yake manake ni nomino, imetokana na jani, lazima uitilie "wa": buibui mkubwa wa kijani. (Wazee wa pwani watakwambia chanikiwiti, chani ni jani na kiwiti ni kibichi, neno tamu sana mi naumia nikiona vijana hawalijui.)

Sasa ukienda Mombasa ukasema "buibui kubwa la kijani" watajua unaongelea vazi, lile la kina mama, manake hilo ndo la li-ya, buibui langu, mabuibui yetu. Afu watashangaa tena, buibui gani la kijani wakati sote tumezoea jeusi!

Kuhusu jina, kwa hiyo miguu ya vimiba na kwa kuwa uko Texas, huyo atakuwa yule wataalamu wanamwita Peucetia viridans, jike lake mwili tu bila miguu hufika kama milimita 22. Hatandi tandabui ya kunasia, anavizia kwenye maua nyuki akitua anamrukia, ndo maana utando hukuuona. Wamarekani wamempa jina la paka mwitu wa kwao mwenye vishungi masikioni, na sisi tunaye wa kufanana naye, simbamangu, yule anayeruka juu kudaka ndege, kwa hiyo mi ningemwita buibui-simbamangu wa kijani. Usilitafute kwenye kamusi, nimelitunga sasa hivi, mumeo akibisha mwambie alete la kwake.

Ukimbana anauma na inauma kweli, ila sio wa kuua mtu. Jike akiwa kakumbatia kifuko cha mayai muache tu, hapo ndo mkali, anaweza hata kutema sumu.