Chai kwa mafundi: si lazima, ila maji ni habari nyingine

Mleta mada, umesema wiki ijayo wanaingia mafundi wawili na kijana wao wa kubeba, wanabomoa bafu na kulijenga upya, kazi ya siku 8 hivi. Unauliza kama uwape chai. Mumeo anasema bei waliyoitaja imeshabeba kila kitu, na ukianza chai watazoea, utageuka mpishi wao. Nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu haya mambo nimeyaona kwa pande zote mbili. Nilikuwa saidia fundi kwa miaka 4 kabla sijapata kazi ninayofanya sasa, na leo ninaishi kwenye nyumba ya zamani ambayo haipiti miezi bila fundi kugonga mlango.

Kwa upande wa hesabu mumeo hajakosea. Fundi aliyekubali bei hakudai chai, na wapo mafundi wazuri sana wanaokuja na chupa zao na vyakula vyao na hawataki usumbufu. Ila naomba mtenganishe maji na chai. Chai ni hiari yako. Chakula cha mchana ni mapatano. Maji ya kunywa mimi siyaiti ukarimu hata kidogo; nayaweka kundi moja na umeme wa kuchomeka mashine: bila hayo kazi haiendi sawasawa.

Nikueleze nilivyojifunza hilo. Nilikuwa na miaka 19, tunapiga lipu ukuta unaotazama jua. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, alitusalimia vizuri asubuhi, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Maji tuliyokuwa nayo ni ya pipa la kuchanganyia. Kulikuwa na kopo la plastiki lenye pete ya saruji iliyokauka kwenye ukingo, na fundi wangu akaniambia, "Kunywa ya juu juu, chini imetuama saruji." Nikanywa mara mbili, mara ya tatu nikashindwa. Kufika mchana kichwa kinagonga, nahesabu ndoo za mchanga nasahau nimefika ngapi. Nilizidisha mchanga. Hakuna aliyegundua siku ile. Baada ya wiki chache sehemu ile ya ukuta ilikuwa ukiipitishia kiganja inadondosha unga, na fundi akarudi kuirudia kwa gharama yake. Yule mama mpaka leo nadhani anaamini alipewa saruji mbovu.

Sikuwa mzembe. Mtu wa kilo 70 akitoka jasho la kilo moja na nusu bila kurudisha maji, umakini unaanza kushuka kabla hata hajajihisi mgonjwa. Kule Marekani wakala wao wa usalama kazini, OSHA, ulianzisha mwaka 2011 kampeni ya kuwalinda wanaofanya kazi kwenye joto, na ujumbe wake ulikuwa maneno matatu tu: maji, mapumziko, kivuli. Ushauri wao ni kikombe cha robo lita hivi kila dakika 15 hadi 20 kwa anayefanya kazi nzito juani, badala ya kusubiri kiu na kugugumia jagi zima kwa mkupuo. Bafu lako halina jua, lakini chumba kidogo kilichofungwa, vumbi la vigae, nyundo mkononi kutwa nzima, jasho ni lile lile. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza weka chombo cha maji safi chenye mfuniko, mahali wanapoweza kujichotea bila kukuita, na kila mtu kikombe chake. Ikibidi wakuite kila wanapohisi kiu, hawatakuita. Kijana wa kubeba hasa, huyo atakaa na kiu mpaka jioni kuliko kugonga mlango wako. Namjua, nilikuwa yeye.

Sasa chai. Ukiamua kutoa, jambo kubwa ni muda, na hapa niliharibu mimi mwenyewe nikiwa mwenye nyumba.

Nilikuwa na fundi anayenisawazishia dari kwa jasi. Nimechemsha chai, nimepanga vikombe, nikaenda mlangoni: "Fundi, chai tayari." Akasema sawa. Nikarudi: "Fundi, itapoa hiyo." Mara ya tatu akashuka kwenye ngazi, kwa heshima tu, akaketi, akanywa haraka. Nilifurahi, nikamwongezea kikombe cha pili. Aliporudi aligonga karai kwa mwiko, likalia kama sahani. Jasi ilikuwa imeshashika. Aina nyingi za jasi hukupa dakika 20 au 30 tu tangu zilipokutana na maji, na mimi nilimwita akiwa ndiyo kwanza ameukoroga mchanganyiko wake. Hakusema neno. Aliutoa kwa vipande, akauweka kwenye mfuko wa taka, akachanganya mwingine. Darini palibaki mstari pale alipokatisha. Alijitahidi kuupiga msasa lakini taa ya pembeni ikiwashwa usiku unauona, na kila nikiuona nakumbuka vile vikombe.

Tangu hapo siiti mtu. Nasema, "Fundi, ukifika mahali pa kusimama, chai ipo kwenye chupa." Chupa ya chai inalinda moto kwa saa kadhaa, hakuna cha kupoa. Saruji inavumilia zaidi ya jasi, lakini nayo ikishachanganywa haisubiri nusu siku, gundi ya vigae vivyo hivyo, na zege linalomwagwa halikatizwi katikati kwa sababu la pili haliungani vizuri na la kwanza lililoanza kukaza. Fundi bomba akiwa amefunga maji ya nyumba nzima naye angependa amalize kwanza. Wewe huwezi kujua yuko hatua gani, yeye anajua. Mwachie.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii kabisa: mikono. Saruji mbichi inachoma ngozi, si kama moto, ni polepole, unaona jioni vidole vimepasuka. Na kwenye nyumba za zamani, rangi inayokwanguliwa inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizipiga marufuku rangi hizo kwa nyumba za watu mwaka 1978, na kuna nyumba nyingi duniani ambazo kuta zake ni za kabla ya marufuku ya aina hiyo. Vumbi la risasi linapita vizuri sana kutoka kidoleni kwenda kwenye kipande cha mkate kwenda mdomoni. Kwa hiyo ukipeleka sinia, tangulia na ndoo ya maji, sabuni na taulo la zamani. Na usiweke sinia chumba kile kile wanachobomoa. Nimewahi kuona chai yenye utando wa vumbi juu kama maziwa yaliyoganda, na mwenye nyumba anasisitiza, "Kunyweni jamani, msione haya."

Kuhusu maziwa, kwa sababu lazima siku moja utaambiwa: fundi rangi au mchomeleaji anaweza kukuomba maziwa ayanywe ili yasafishe kifua. Mpe kama unayo, ni chakula kizuri. Lakini moshi na harufu ya rangi vinaingia kwenye mapafu, na maziwa yanashuka tumboni, hayakutani. Kinachomsaidia ni dirisha wazi na barakoa inayofaa kazi hiyo. Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu nilifanya kazi na mtu aliyepaka vyumba vilivyofungwa miaka na miaka akiamini glasi ya jioni inamaliza kila kitu. Ukimpa maziwa, mfungulie na madirisha.

Vikombe. Hapa naomba unisikilize sana. Kuna nyumba moja tulipewa chai kwenye vikombe visivyo na mikono, kingo zimelika. Sikujali, nilikuwa na njaa. Ila nilipoenda kurudisha nikaona vinakowekwa: chini ya sinki, pembeni ya tambara la kupigia deki, ndani ya ndoo. Fundi wangu, mzee wa makamo, alikuwa ameshaviona siku ya kwanza. Kila siku alipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akasema "Asante sana mama," akasubiri mama aingie ndani, akamwaga kwenye msingi. Siku 6 alifanya hivyo. Mimi niliendelea kunywa na sikumwelewa wakati ule. Sasa namwelewa. Kama unaogopa vikombe vyako vizuri visivunjike, na ni haki yako kuogopa, nunua vingine vya kawaida, lakini vioshwe pamoja na vya nyumbani na vikae kabati moja na vya nyumbani. Watu wanaona.

Wakikataa chai usiwalazimishe wala usinune. Mwingine amefunga, mwingine ana kisukari (kwa hiyo peleka sukari pembeni, usiitie kabisa, na ukipeleka kitu chenye karanga useme, wapo ambao karanga inawadhuru vibaya). Lakini kuna sababu moja ambayo hawatakuambia, na kwako ndiyo hatari zaidi: choo. Nimewahi kukataa chai wiki nzima, na maji nikinywa kwa kipimo, kwa sababu hakuna aliyetuonyesha pa kujisaidia na kuuliza tuliona aibu. Sasa wewe unabomoa bafu! Kama choo kipo humo humo, tafuta ufumbuzi kabla hawajaingia: choo kingine cha ndani, cha jirani mnayeelewana, au mpatane na mafundi waking'oe choo mwisho kabisa na kukirudisha mapema. Waonyeshe wewe mwenyewe asubuhi ya kwanza, kwa mkono, "Choo ni kile pale, sabuni ipo." Sentensi hiyo moja inazidi sinia lolote utakalobeba baadaye.

Kuhusu hofu ya mumeo kwamba watazoea, sitasema haitokei. Ilinitokea. Mwaka ule nilipobadilisha paa siku ya kwanza nilipika mchana mkubwa, kwa furaha tu, wakala wakashiba. Kesho yake hakuna aliyekuja na chakula chake. Saa saba wakashuka wote, wakaketi, wakanitazama. Nikakasirika kimoyomoyo, nikapika tena nikiwa nimenuna, na siku ya tatu nikasema nisichostahili kusema. Kosa lilikuwa langu. Nilitoa bila kusema kwamba ni ya siku moja, na mtu aliyelishwa jana bila maelezo ana kila sababu ya kudhani ndivyo ilivyo. Siku hizi nasema mapema, mbele ya wote, kijana wa kubeba akiwepo: "Maji ni haya, yapo muda wote. Saa nne kuna chai na kitu cha kutafuna. Mchana mtajitegemea." Tangu nianze kusema hivyo sijawahi kuona uso ukikunjamana. Kinachowaudhi mafundi ni kutojua, maana asiyejua atapewa nini hajui hata abebe nini asubuhi.

Na kama mmepatana kwamba chakula ni juu yenu, basi kiwe kwenye mapatano, bei ijue hilo. Usije siku ya malipo ukaanza kukata "na ile chai". Nimeona mtu akifanya hivyo, akahesabu hadi sukari. Kazi ilikuwa imekwisha, fundi akapokea pungufu, akaondoka. Bomba lilipoanza kuvuja baada ya mwezi hakupokea simu.

Usitarajie pia chai ikununulie kitu. Kikombe hakimpi fundi deni la kukubandikia kioo bure au kukurekebishia na mlango wa jikoni. Ukitaka mlango urekebishwe, uliza bei ya mlango. Na usikae nao kwenye chai ili uwakague. Ukaguzi ufanye waziwazi, simama bafuni, uliza. Kama wanalipwa kwa kazi nzima, muda wa chai ni wao, usiwashike kwa mazungumzo marefu hata kama ni watu wazuri wa kuongea nao. Kama mnawalipa kwa kutwa, dakika 15 za chai ni zenu, hesabuni ni sehemu ya siku, msitazame saa ukutani.

Pombe hapana, hata wakiomba, hata iwe Ijumaa mchana. Mtu anakata vigae kwa mashine ya umeme kwenye chumba chenye maji. Akitaka, jioni vifaa vikishafungwa, huko nje kwake.

Kama siku fulani wote wawili mnaenda kazini, acha chupa ya chai, vikombe vyenye hesabu kamili ya watu, maji na sabuni kwenye meza karibu na mlango, na mwambie fundi mkuu usiku wa kabla. Mtaje na kijana: "vikombe vitatu, na cha kijana kimo." Hilo la kumtaja usilisahau, kwa sababu kisipotajwa mara nyingi hakimfikii.